Mkuu wa shule anawaunganishaje walimu waliogawanyika?

Mkuu Mpya:
Ndugu zangu, habari za kazi. Nimehamishiwa hivi karibuni kuongoza shule ya sekondari ya kutwa, mojawapo ya zile shule za kata zilizojengwa kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza hapa Tanzania mwaka 2004. Nimekuta walimu wenye uwezo, lakini ofisi ya walimu imegawanyika. Wakongwe wanakaa upande wao, walioajiriwa miaka ya karibuni upande wao, na walimu wa kujitolea wanaolipwa kwa michango ya wazazi hawafungui kinywa kikaoni. Maagizo yanatekelezwa, ila kwa shingo upande: mwalimu wa zamu akiugua hakuna anayemshikia nafasi, na idara ya sayansi na ya lugha zinagombea vipindi vya asubuhi kana kwamba wanafunzi ni wa idara moja tu. Aliyenitangulia aliandaa tafrija ya kufunga mwaka ili kuwapatanisha. Nasikia watu walikula na kucheka pamoja, na Januari mambo yakarudi yalipokuwa. Naomba ushauri wa waliowahi kuongoza watu: nianzie wapi ili hawa wawe timu moja, nami nisionekane nimeegemea upande wowote?

Mwalimu Mstaafu:
Mkuu, hongera na pole kwa majukumu. Niliongoza shule za sekondari mpaka nilipostaafu, na kwa nilivyoona, makundi ya ofisini mara chache huanzia kwenye umri au somo. Huanzia kwenye fedha na mgawanyo wa kazi, kisha watu wakatafuta sababu nyingine za kuyaeleza. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, ruzuku na fidia ya ada huingia kwenye akaunti ya shule, na mahali penye fedha ambayo walimu hawaijui kiasi chake, kila mmoja hukisia ya kwake, na makisio ya mwenye kinyongo huwa makubwa siku zote. Fedha ikiingia, bandika kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, kimetumika kwa jambo gani na kilichobaki. Usingoje kuulizwa, kwa sababu taarifa inayotolewa baada ya manung'uniko huonekana kama utetezi.

Kwenye ratiba fanya hivyo hivyo. Mwalimu wa taaluma aandae rasimu, na rasimu hiyo ijadiliwe kikaoni kabla haijaanza kutumika, huku mbele ya kila jina pakiwa na idadi ya vipindi kwa wiki, madarasa ya mtihani anayoyafundisha na zamu zake za muhula mzima. Katika shule moja mwalimu wa fizikia alikuwa peke yake kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na wenzake walimhesabu kuwa mtu wa kiburi kwa kuwa hakunywa chai pamoja nao. Jedwali lilipobandikwa, waliona kwamba muda wa chai ndio pekee aliokuwa nao wa kupanga vifaa vya maabara kabla ya kipindi kinachofuata. Waliokuwa wakimsema ndio walioomba apunguziwe zamu. Sikuhitaji kumhubiria mtu umoja.

Muuguzi wa Thieta:
Naomba niongeze la upande wetu wa hospitali, kwa sababu chumba cha upasuaji kina watu wa ngazi mbalimbali ambao wakishindwa kushirikiana, mgonjwa ndiye anayeumia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba kabla ya mgonjwa kupasuliwa, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, kisha daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi na wauguzi waseme kwa sauti wasiwasi walio nao. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara hapa kwetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sisemi kwamba kutaja jina peke yake kuliokoa watu, kwani orodha ina mambo mengi, yakiwemo dawa za kuzuia maambukizi na kuhesabu vifaa. Lakini muuguzi ambaye ameshasema neno moja mbele ya daktari bingwa hapati tabu kusema la pili, hata kama la pili ni "daktari, hesabu ya vitambaa haijatimia." Hao walimu wako wa kujitolea, Mkuu, watengee nafasi ya kuzungumza ndani ya ajenda yenyewe, wasiachwe kusubiri mpaka wapate ujasiri.

Mwalimu wa Kujitolea:
Sista amesema kweli, na mzee wetu namheshimu, ila naomba nitofautiane naye kidogo. Uwazi wa ubaoni hautoshi kwa mtu ambaye nafasi yake inategemea ridhaa ya mkuu. Mimi ninaweza kuiona hesabu, nikaona kasoro, na bado nikanyamaza. Watu kama sisi hatupimi mkuu kwa maneno yake kikaoni; tunaangalia aliyempinga leo amepangiwa nini wiki inayofuata. Kwa hiyo, Mkuu, jitahidi uwe wa mwisho kutoa maoni, maana ukishatoa lako la kwanza kikao kimekwisha. Na siku mtu atakapokukosoa, mshukuru papo hapo, chukua sehemu ya hoja yake itekelezwe, na itajwe kuwa ni yake. Jambo jingine ni posho yetu: ikichelewa tuambiwe mapema na wewe mwenyewe, tusiisikie kwa mhasibu.

Mkuu Mpya:
Nawashukuru sana, na mzee wangu, shikamoo. Limebaki moja: yupo mwalimu mkongwe anayeheshimiwa na wengi, ambaye hunijia ofisini karibu kila siku kunieleza habari za wenzake. Nikimkataa nitampoteza yeye na kundi lake.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Usimkataze kuja, ila kila anapomtaja mtu, mwambie kwa upole kwamba mtamwita huyo mtu sasa hivi mlizungumze wote watatu. Wakati huohuo mpe kazi inayostahili heshima yake, kwa mfano kuwalea kitaaluma walimu wapya kwa kuingia nao darasani, na kazi hiyo aitolee taarifa kikaoni mbele ya wote. Mara nyingi mzee wa namna hiyo analeta habari kwa kuwa hajapewa jambo jingine la kumleta ofisini kwako.