Manesi 300, wakapita 10: shida ni Kizungu chao ama ni mtihani?

Wadau, mnakumbuka 2021 Mutahi Kagwe akiwa waziri wa afya wa Kenya alisema manesi 300 wamefanya mtihani wa Kizungu ndio waende kazi Uingereza, wakapita 10 peke yake? Watu walicheka wee. Na hawa ni watu wameandika ripoti za wodi na Kizungu miaka yote.

Mimi nasema kuongea hatujawahi kupimwa. KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, sehemu ya kuongea Kizungu iko Peipa 1, maksi 30, na unaijibu na kalamu! Unapigia mstari silabi yenye mkazo, umemaliza, sauti yako hakuna mtu ameisikia. Halafu huyo huyo anaenda IELTS, mtihani wa Kizungu wa kimataifa, uso kwa uso na mtahini dakika 11 mpaka 14, anapewa kadi, dakika moja ya kujipanga, aongee mpaka mbili, na nesi wa Uingereza anatakiwa apate 7 kwa 9.

Binamu yangu ni nesi, tulikuwa tunafanya mazoezi kwa sebule, simu inahesabu. Kadi: jumba la makumbusho ulilopenda. Sekunde 40 akakwama, akaanza kuvuta kitambaa cha meza. Nikatupa kadi nikamwambia mimi ni mgonjwa wa presha nimeacha dawa. Weh! Alinigombeza na Kizungu safi hadi nikaogopa. Sasa maksi ya kweli ni gani hapo? Si afadhali OET, mtihani wa Kizungu wa watu wa afya, unaongea na mtu anaigiza mgonjwa, inarekodiwa, wanasahihisha watu hawakuwa kwa chumba.

*Mchangiaji wa kwanza:* Pole pole boss. Huo mtihani una kusoma, kusikiza na kuandika pia, nani alikuambia walianguka kwa kuongea? Na usiku wodini jamaa za mgonjwa hawatakuuliza presha tu, utaongea chochote kitakachokuja.

*Mchangiaji wa pili:* Kompyuta isahihishe basi, haijui kama umetoka Bungoma ama Boston.

*Mleta mada:* Wa kwanza, hapo kwa sehemu nne umenishika, nakubali. Lakini makumbusho bado sioni inaingiaje wodini. Wa pili, hiyo kompyuta imefunzwa kusikiza na sauti za kina nani? Kama wa Bungoma hawakuwa, itajua tu ametoka wapi, na itamkata kwa matamshi bila hata kumwangalia usoni.