Hondarribia au Gernika? Nina siku moja tu

MamaSalma: Wakuu, salaam. Nitakuwa San Sebastián, kwenye nchi ya Wabaski kule Hispania. Nina siku moja ya kutembea kwa miguu mji wa kale. Hondarribia au Gernika? Nataka kupanga leo.

Mzee wa Reli: Dada, mbona nusu nusu? Mwezi gani? Uko na nani?

Kipanga: Hondarribia, mjadala ufungwe. Ni kama kilomita 20 kwa basi. Unaingia Lango la Santa María, unapandisha mtaa wa Kale Nagusia ukitazama nembo za koo zilizochongwa kwenye kuta, hadi ngome ya mfalme Carlos V ambayo siku hizi ni hoteli. Kisha shuka mtaa wa La Marina kwa wavuvi, roshani za mbao za kijani, buluu, nyekundu. Kiboti kinakuvusha Hendaye, dakika chache uko Ufaransa.

Mzee wa Reli: Kipanga na ngome zake. Gernika ilipigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitaliano tarehe 26 Aprili 1937, ule mti wa mwaloni Wabaski waliokuwa wakifanyia mikutano chini yake ukasalimika. Uliopo sasa ni wa uzao wake. Nyumba za kale ndiyo chache, nyingi ziliungua.

BintiPangani: Na iko upande wa Bilbao, siku inaishia njiani. Sisi tulimlipa mtembezaji wa mtandaoni, jina silitaji. Kachelewa, katupitisha mbio pale kwenye mti, halafu katutia dukani kwa jamaa yake tukaganda humo kutazama sumaku za friji. Kutoka, saa kumi, mgahawa jiko limezimwa mpaka usiku. Mvua nayo hiyo. Watoto walishindia krispi stesheni, na hela hakurudisha.

MamaSalma: Poleni. Ni Septemba 8. Niko na mama, magoti yanamsumbua. Na hatuli nguruwe.

Kipanga: Septemba 8! Ndiyo siku ya Alarde, gwaride la Hondarribia! Wanaadhimisha 1638, Wafaransa waliwazingira wenyeji miezi miwili, nao wasisalimu amri. Bunduki, ngoma, filimbi!

Mzee wa Reli: Mtu wa magoti umpeleke kwenye baruti na msongamano? Wewe una mama kweli?

Bahati_Lyon: Na Jaizkibel, kikosi cha gwaride hilo chenye wanawake, miaka kibao watu walikuwa wanakiinulia plastiki nyeusi kisionekane na kukipa mgongo.

Kipanga: Mila zao, tuwaachie.

BintiPangani: Za nani? Kwani 1638 wanawake walikuwa wamesafiri?

Bahati_Lyon: 😂 MamaSalma, mpeleke Saint-Jean-de-Luz, upande wa Ufaransa. Mji wa katikati ni tambarare, na kanisa alilofungia ndoa mfalme Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1660 lipo, mlango wake umezibwa.

MamaSalma: Sasa imekuwa miji mitatu! Na chakula je?

BintiPangani: Agiza samaki wa kuchoma. Kroketi, yale madonge ya kukaanga, uliza kwanza, nyingi zina nyama ya nguruwe ndani.

Mzee wa Reli: Hata za samaki, si hukaangwa mafuta yale yale?

Kipanga: Mzee, wewe chipsi za mjini unakulaga bila kuuliza mafuta.