Naomba ushauri: hofu ya kupima VVU inanishinda

Habari zenu wakuu. Niko Masasi, Mtwara. Mimi na mchumba wangu tumepanga kufunga ndoa msimu wa korosho ukiisha, na ameomba tupime kwanza. Namuunga mkono kabisa. Shida ni kwamba nikifika geti la kituo cha afya moyo unaenda mbio, mikono inalowa jasho, nageuza pikipiki narudi. Mji wenyewe mdogo, ukikaa kwenye benchi la nje kila anayepita anakujua.

Najua dawa za kufubaza virusi ni bure, na anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Bado usiku sipati usingizi.

Nawaza kipimo cha kujipima mwenyewe, kile cha kupitisha kwenye fizi. Sheria iliruhusu tangu 2019. Lakini kikionyesha maambukizi ni lazima kituoni wathibitishe, na wakati nasoma jibu nitakuwa peke yangu chumbani.

Mliopitia hofu hii, mliishindaje? Nianze nyumbani, au twende wote wawili tupewe ushauri nasaha pamoja? Wauguzi pia, naombeni neno lenu.