Nataka kurudi Dar na Stelvio Quadrifoglio, naomba ushauri kabla sijalipia meli

Mkimbiza Upepo:
Wakuu habari za jioni. Nipo Milton Keynes, Uingereza, na mwezi wa kumi na mbili narudi nyumbani moja kwa moja na familia. Nataka kurudi na gari: Alfa Romeo Stelvio Quadrifoglio ya 2018, usukani wa kulia. Kwa wasioijua, ni V6 ya lita 2.9, tabo mbili, nguvu za farasi 510, sifuri hadi 100 kwa sekunde 3.8. Mwaka 2017 ilizunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 51.7, na kwa wakati ule hakukuwa na SUV ya kiwandani iliyofikia hapo. Ukiigeuzia Dynamic, ile hali ya kukimbiza, asubuhi kabla injini haijapata moto, mlio wa ekzosi unausikia kifuani kabla ya masikioni.

Kila ninayemwambia ananijibu "Muitaliano? Utalala njiani." Ndugu zangu, Dar gari hili linakalika? Mafundi wapo? Spea je? Kampuni ya meli inataka jibu kabla ya Ijumaa na usingizi sina.

Kokoto:
Chukua Harrier. Spea zake unazikuta mpaka Tunduma, na siku ukichoka nayo unauza kabla ya adhuhuri.

Mkimbiza Upepo:
Mkuu nashukuru, ila Harrier sijaiulizia.

fundi_wa_Gerezani:
Nitakujibu kama fundi. Hilo gari si bovu kama linavyosemwa, ila halisamehe uzembe. Jina baya lilianza mapema: mwaka 2017 waandishi wa magari wa Marekani waliandika sana jinsi Giulia Quadrifoglio walizopewa kujaribu zilivyowasumbua, na Giulia ndiyo ndugu ya Stelvio, injini moja, jukwaa moja. Mwaka 2019 kiwanda kikaziita zote mbili zirudi kurekebishwa programu ya kutunza spidi (cruise control). Angalia kwa namba ya chesisi kama lako lilipita huko.

Sasa ya kwetu. La kwanza ni umeme. Betri ipo nyuma kwenye buti, na ikishuka kidogo tu dashibodi inajaa taa: mara breki, mara gia, mara usukani. Mtu asiyejua atakubadilishia sensa tatu kumbe tatizo ni betri. Na breki za hilo gari zinategemea umeme, kompyuta inasoma mguu wako ndipo inasukuma, kwa hiyo betri si kitu cha kununua kwa bei rahisi.

La pili ni mashine ya kupimia. Magari ya kundi la Fiat Chrysler, wenye Alfa wakati huo, kuanzia 2018 yamewekewa lango la usalama kwenye mfumo wa kompyuta. Mashine nyingi za mtaani zitasoma kosa lakini kulifuta haziruhusiwi. Wenye Alfa hutumia programu ya MultiECUScan na waya wa kupitia pembeni ya hilo lango. Nunua kabla hujasafiri, weka kwenye begi lako.

La tatu ni gia boksi. Ni ya gia nane, imetengenezwa na ZF wa Ujerumani, imara sana, ila usidanganywe kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Je, limetembea ngapi? Na vitabu vya sevisi vipo?

Mkimbiza Upepo:
Shukrani nyingi fundi. Limetembea maili 41,000, sevisi zote zimegongwa muhuri. Betri nimeshaweka mpya.

Mzee wa Bandari:
Umeshaweka betri mpya kwenye gari ambalo bado unaomba ushauri wa kulichukua? Kijana, gari unalo tayari au unalitafuta?

MamaNasra:
Mimi niseme yaliyonikuta. Marehemu baba Nasra alikuwa na gari la Ulaya, jina naliweka kando. Lilikuwa zuri hadi watu wanapiga nalo picha harusini. Siku moja mvua imejaa Jangwani, gari likazima, tukatembea kwa miguu na watoto mgongoni. Kesho yake fundi akasema kompyuta imekunywa maji. Tulisubiri kifaa kutoka nje mpaka shule zikafungwa na kufunguliwa. Baba Nasra hakulilaumu gari hata siku moja, alikuwa analifuta vumbi limesimama. Nakuelewa mwanangu. Ila muulize mkeo atakaa kituoni na watoto siku ngapi.

Nguva2:
Hilo gari lina historia, tusiliongelee kama friji. Ile alama ya majani manne ubavuni, ndiyo maana ya Quadrifoglio, ilianza na dereva wa Alfa Ugo Sivocci kwenye mbio za Targa Florio huko Sicily, mwaka 1923. Aliichora kwenye gari lake akashinda. Mwaka huohuo, uwanja wa Monza, akafanya mazoezi na gari ambalo halijachorwa, akapata ajali akafa. Kuanzia hapo pande nne za alama zikawa tatu, kona moja ikaachwa kwa ajili yake. Mtu akitaka gari lenye kumbukumbu ya namna hiyo mwacheni alitake.

Mkimbiza Upepo:
Nguva2 umenielewa kuliko wote humu.

Mzee wa Bandari:
Kijana, hujanijibu. Nauliza kwa sababu ya kodi. Anayehama makazi kurudi nyumbani anaruhusiwa gari moja bila ushuru chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, lakini awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje si chini ya miezi kumi na miwili. Usipotimiza hilo, hesabu ni hii: ushuru wa forodha 25%, juu yake ushuru wa bidhaa 10% kwa injini inayozidi cc 2,000, juu ya yote VAT 18%. Kwa kila shilingi 100 ya thamani ya gari pamoja na usafiri, unaacha 62 na ushee kabla ya tozo ndogo. Na thamani hawapimi kwa risiti yako, TRA wana yao. Gari likifika miaka minane na uchakavu unaongezwa. Kadi ya gari imeandikwa jina lako tangu lini?

Mkimbiza Upepo:
Imeandikwa jina langu. Miezi inatosha.

Sauti Kavu:
Wakuu hii ni chai. Mtu ana gari la farasi 510 lakini hajui tarehe ya kadi yake. Kwanza alisema anataka kurudi na gari, sasa betri mpya, sasa kadi ina jina lake. Ama ni dalali anapima soko, ama ni mtoto wa chuo ameangalia video. Mods fungeni uzi.

Kokoto:
Na mimi nilihisi. Mtu mwenye pesa ya Quadrifoglio hatuulizi sisi.

fundi_wa_Gerezani:
Msimvunjie heshima, tumpime. Mkuu, bila kugoogle: kitufe cha kuwashia kiko wapi, na matairi ya mbele na nyuma ni saizi gani?

Mkimbiza Upepo:
Kitufe kipo kwenye usukani wenyewe. Vibao vya kubadilishia gia ni vya alumini, virefu, na havizunguki na usukani, vimeshikwa kwenye shina lake. Changu cha kushoto kina mkwaruzo mdogo wa pete, sijui ni wa mwenye gari wa mwanzo au ni wangu. Matairi mbele 255/45, nyuma 285/40, zote inchi 20. La akiba halipo, kuna chupa ya gundi na pampu. Mnaridhika?

fundi_wa_Gerezani:
Gari analo. Na hapo umejitajia shida nyingine: matairi ya mbele hayaendi nyuma, ya nyuma hayaji mbele, na gundi haizibi tairi lililopasuka ubavu kwenye shimo. Njoo na seti nzima ya ziada ndani ya gari kama kampuni ya meli inaruhusu.

Sauti Kavu:
Sawa, gari analo. Basi aseme tarehe ya kadi.

Mkimbiza Upepo:
Mwezi wa tano mwaka huu. Na kabla hamjaanza: nimelichukua kwa mkopo wa gari, pauni 34,000, malipo yanaisha 2028. Sijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja. Nitakuwa nalipa nikiwa Dar kutoka akaunti yangu ya huku, wao wanachotaka ni pesa yao. Nafasi ya meli kutoka Southampton nimeshashika. Ndiyo maana nauliza kuhusu mafundi, hayo mengine nimeyapanga.

Mzee wa Bandari:
Hapo ndipo penye uzi, kijana. Mafundi wote hawa wamejibu swali ambalo si lako. Gari la mkopo wa namna hiyo ni mali ya mkopeshaji mpaka senti ya mwisho. Kulitoa nchini moja kwa moja bila ruhusa yake ya maandishi ni kuvunja mkataba, hata kama unalipa kila mwezi. Wakati wa kutoa gari nje unawajulisha DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huko, na unajaza kipande cha kadi, na deni linaonekana kwa yeyote atakayekagua. Na mwezi wa tano hadi wa kumi na mbili si miezi kumi na miwili, kwa hiyo na msamaha wa ushuru huna.

Mkimbiza Upepo:
Kuna mtu ninayemfahamu alipeleka la mkopo Mombasa na hakuna aliyemuuliza.

Mzee wa Bandari:
Hajaulizwa bado.

MamaNasra:
Mkeo anajua kuhusu hilo deni?

Mkimbiza Upepo:
Anajua gari lipo na analipenda. Mwaka wa kumaliza hatujaongea. Mama, nimefanya kazi za usiku ghala la mizigo huku miaka mingi, kila mwezi natuma nyumbani, nimejenga kwa wazazi, nimesomesha wadogo zangu. Hiki ni kitu kimoja nilichojinunulia. Siwezi kukiacha kwenye maegesho ya watu.

Nguva2:
Nimesoma hili mara mbili. Unayo haki ya kulipenda, ndugu yangu.

Bomba Mbili:
Nipo Reading, nimepitia mlango huohuo na gari la bei ndogo. Una njia tatu halali. Omba kwa maandishi kiasi cha kumalizia deni mapema, ni haki yako kisheria na lazima wakupe, ukiweza kulilipa gari ni lako. Au omba ruhusa ya kulitoa nje, wengi watakataa lakini jibu utakuwa nalo. Au, kwa sheria ya mikopo ya 1974, ukishafika nusu ya jumla yote ya mkataba unaweza kulirudisha na deni likaishia hapo, mradi umelitunza. Tangu mwezi wa tano hujafika nusu. Kama unalitaka kweli, lingoje litimize mwaka: familia itangulie, wewe ubaki hadi mwezi wa sita, upunguze deni hadi uweze kulimaliza, kisha uje nalo bila ushuru.

Kokoto:
Mwanaume abaki ughaibuni kwa ajili ya gari, familia iende peke yake?

Bomba Mbili:
Abaki kwa ajili ya kulipa deni. Mshahara wa huku ndio unaolilipa, Dar ataanza na nini?

Mkimbiza Upepo:
Nafasi ya meli nimeomba isogezwe. Mkopeshaji nimemwandikia sasa hivi aniletee kiasi cha kumalizia. Gari siuzi, msiniambie tena niuze. Fundi, likikaa miezi mingi bila kutembea betri nifanyeje?

fundi_wa_Gerezani:
Chaja ndogo ya kutunza betri, inayofaa betri za AGM kama hiyo yako, iache imechomekwa. Matairi yajaze upepo juu kidogo ya kawaida. Na kila wiki mbili liwashe, liendeshe mpaka oili ipate moto kabisa, siyo kuliwasha dakika mbili na kulizima.

Sauti Kavu:
Fundi, na hii Stelvio ya lita 2.0 ya farasi 280, nayo ina hilo lango la usalama? Nimeiona moja inauzwa Masaki.