Naombeni ushauri: kampuni inataka kununua mchezo wangu uliotolewa kwa leseni huria

Nahodha_wa_Meza (mleta mada): Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Minneapolis, na tangu mwaka 2019 ninauza kitabu cha michezo ya kuigiza wahusika mezani, kilichojengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons kwa leseni huria ya OGL 1.0a (Open Game License), inayomruhusu yeyote kutumia kanuni hizo akifuata masharti yake. Sasa kampuni moja inataka kununua haki zote, na toleo lijalo litoke bila leseni hiyo. Usingizi umenipotea. Niuze au nisiuze?

Mzee wa Dadu: Mdogo wangu, haya hayakuanza leo. Wizards of the Coast waliinunua TSR, kampuni iliyokuwa na mchezo huo, mwaka 1997, na mwaka 1999 wao wenyewe wakanunuliwa na Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea. Wizards walipotoa leseni huria mwaka 2000, wengi wetu tulipumua, kwa kuwa mchezo haungekufa tena pamoja na mwenye kampuni. Kitabu changu cha wakati ule bado ninacho. Jalada limeshikwa na gundi, na ukurasa wa leseni umechakaa kuliko kurasa za mazimwi.

Mama Kete: Kuuza jasho lako si kosa. Kosa ni kupita kwenye mlango ulioachwa wazi na wenzako, kisha kuufunga kwa komeo.

Binti Mvita: Ndugu, kabla hatujafika mbali: umeshasaini chochote?

Nahodha_wa_Meza: Nitasema kweli. Wiki tatu zilizopita nilisaini makubaliano ya awali, nikapokea malipo ya kwanza, nami nimeyalipia kodi ya nyumba ya miezi minne. Msinihukumu. Wanasheria wao wamenieleza kwamba kifungu cha 9 kinazungumzia matoleo ya leseni "yaliyoidhinishwa" tu, kwa hiyo idhini ikiondolewa nitabaki mikono mitupu. Si afadhali niuze mapema?

Msomaji wa Nairobi: Hoja hiyo ndiyo iliyotutia hofu Januari 2023, ilipovuja rasimu ya OGL 1.1 iliyotaka kuiondolea 1.0a idhini na kudai 25% ya mapato yanayozidi dola 750,000. Rasimu iliyofuata, 1.2, ilipoletwa na dodoso, nilijaza langu kwenye simu usiku wa manane, umeme umekatika na chaji imebaki kidogo. Majibu yalipita 15,000, na 88% walikataa kuchapisha chini ya leseni hiyo mpya. Tarehe 27 Januari Wizards waliiacha 1.0a kama ilivyo, wakaziweka kanuni za SRD 5.1, yaani kanuni za msingi za mchezo, chini ya Creative Commons, leseni nyingine huria ambayo yenyewe inasema haibatilishwi. Paizo, wachapishaji washindani wao, nao wakaongoza kuandika leseni nyingine huria, ORC. Hofu unayouziwa ina majibu tayari.

Kijana wa Ilala: Wakuu, hii ni chai. Kampuni haina jina, kitabu hakina jina, na hoja zote ni za 2023 zilizopashwa moto. Mleta mada, kama kitabu kipo, kifungu cha 15 cha leseni, kinachotaja wenye hakimiliki, kwenye nakala yako kimeandikwa nini?

Nahodha_wa_Meza: Kipo, ukurasa wa 112. Inaanza haki ya Wizards, kisha jina langu, kisha majina ya wenzangu wawili, aliyeandika sura ya majini wa baharini na aliyeandika safari za majahazi.

Kijana wa Ilala: Nimekuelewa, mkuu. Naomba radhi.

Binti Mvita: Wenzako wawili? Nao wamesaini?

Nahodha_wa_Meza: Hawajui. Nilikusudia kuwaeleza na kuwapa fungu lao malipo yote yakishaingia. Kitabu nilikihariri na kukichapisha mimi.

Binti Mvita: Sura zao zilikufikia kwa leseni huria. Kampuni inaweza kuzitumia mradi zibaki huria, lakini kuzifunga kunahitaji ridhaa ya walioziandika, na ridhaa hiyo huna. Tafuta mwanasheria wako mwenyewe, si wa mnunuzi, na kabla ya hapo zungumza na wenzako.

Nahodha_wa_Meza: Mmoja yuko Zanzibar, na kule sasa ni saa saba usiku. Kukicha kwao nitampigia.