Mrejesho: Mimea ya kwenye tangi la samaki imeshika

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini mimea kwenye tangi langu la lita 60, hapa Shangani, Mtwara, inaoza na kioo kinajaa utando wa kijani. Asanteni sana, mmenisaidia.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye anubias, mmoja wa mimea hiyo ya majini. Lile shina lake nene, linalolala kama tangawizi, nilikuwa nimelifukia mchangani. Nilipolichomoa lilikuwa limelainika, linanuka. Nikakata palipooza, kipande kizima nikakifunga kwa uzi juu ya jiwe, mizizi ikining'inia tu. Juzi asubuhi nimekuta jani jipya limejikunja, rangi ya embe changa. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Mchanga wa ufukweni nao nimeutoa. Una vipande vya makombe, na chokaa yake inafanya maji kuwa magumu. Nimeweka wa mtoni, niliuosha hadi maji yakatoka safi. Tangi nimelitoa dirishani, taa nawasha masaa 8 tu kwa siku, na ule utando umepungua mno.

Valisneria, mmea wangu mwingine wa majini, bado majani yanayeyuka, ila mizizi ni mizima, kwa hiyo siing'oi.