Skana: mstari mweusi kila ukurasa, na haionekani umeme ukirudi

Karani_Arua
Wakubwa, naombeni msaada. Printa ya nyumbani ni ya wino, ina skana na trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe. Kila ukurasa unaopitia juu hutoka na mstari mwembamba mweusi, kutoka kichwani hadi mwisho. Pili, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya Windows 11 inasema skana haipo, lakini kuchapa inachapa. Tatu, faili ya kurasa 10 inakuwa nzito mno kupakia kwenye tovuti za maombi. Kioo kikubwa nimekifuta mara mbili kwa spiriti ya famasi, mstari uko palepale.

Fundi_Skana
Ndugu Karani, umefuta kioo kisichohusika. Inua kifuniko, tazama kando ya kioo kikubwa, mara nyingi kushoto: kuna ukanda wa kioo, mwembamba kama kidole. Karatasi inayopitia juu husomwa hapo. Jicho la skana linasimama, karatasi ndiyo inayotembea, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inachorwa ukurasa mzima na kuwa mstari. Kwenye kioo kikubwa jicho ndilo linalotembea, na chembe ileile ingetoka kama nukta tu.

Hakikisha kwanza: weka karatasi nyeupe kwenye kioo kikubwa, iskani. Ikitoka safi, tatizo ni ule ukanda. Chukua rula, pima mstari uko sentimita ngapi kutoka ukingo wa karatasi, kisha tafuta doa kwenye ukanda kwa umbali huo. Usipoliona, pima kutoka ukingo wa pili. Mara nyingi ni wino mweupe wa kusahihishia au gundi. Kwa macho yako huenda usilione vizuri, pitisha ukucha utalihisi. Zima mashine, chomoa waya, lowesha kidogo kitambaa cha kufutia miwani (usimwage maji juu ya kioo), lainisha doa kwa dakika moja, likwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Wembe unaweza kukwaruza kioo, uache.

Kama mashine yako husoma pande mbili kwa mpito mmoja, kuna kioo kingine juu, ndani ya njia ya karatasi. Mstari ukitokea kurasa za nyuma tu, ni hicho. Na ukitokea hata kwenye kioo kikubwa, shuku utepe mweupe ulio chini ya kioo, ambao skana hutumia kujipima weupe. Huo haufikiki bila kufungua mashine, mpelekee fundi.

Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, futa ukanda huo kila wiki na kifuniko kisikae wazi.

Nnyabo_Maabara
Naongeza kuhusu spiriti. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi hutiwa mafuta ya nyonyo, nayo huacha utando kwenye kioo. Utando huo huweza kufanya skani ionekane ina ukungu. Omba alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi. Magurudumu ya mpira yanayovuta karatasi yafute kwa kitambaa chenye maji tu.

Mtandao_Busia
La pili: rauta ikiwaka upya huweza kuipa printa anwani nyingine ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), na programu ya kuskani inabaki kuitafuta kwenye ile ya zamani. Kuchapa na kuskani hupita njia tofauti, ndiyo maana moja hufa na nyingine ikaendelea. Soma anwani ya sasa kwenye skrini ya printa, ingia kwenye rauta, iwekee printa anwani ya kudumu. Kisha ondoa skana kwenye kompyuta, uiongeze upya kwa anwani hiyo, ukitumia kifurushi kamili cha draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia mashine) kutoka tovuti ya mtengenezaji. Ile Windows inayoweka yenyewe mara nyingine ni ya kuchapa tu.

Bado haionekani? Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta Windows Image Acquisition, huduma ya Windows inayohudumia skana. Kama imesimama, iwashe.

Anayetumia simu badala ya rauta aiweke kwenye Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz. Printa nyingi za nyumbani hazishiki 5 GHz.

Fundi_Skana
Uzito wa faili ni hesabu. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi ni kama MB 26 kabla ya kubanwa, kwa kijivu MB 8.7, kwa nyeusi na nyeupe tupu MB 1.1. Ukipanda hadi nukta 600, zidisha mara nne. Barua na vyeti: 300, kijivu, PDF. Mihuri ya rangi ndiyo iskaniwe kwa rangi.

Karani_Arua
Doa lilikuwa sentimita 6 kutoka ukingo, gundi kavu. Mstari umetoweka. Karatasi nyembamba nazo? Maandishi ya nyuma yanapenya.

Nnyabo_Maabara
Weka karatasi nyeusi nyuma yake, kwenye kioo kikubwa. Kifuniko cheupe ndicho kinachorudisha mwanga na kuyaonyesha.